Shampuu ya asili kwa mbwa: mwongozo kwa wafugaji wa Kalemie

Mbwa wa Kalemie ana njia nyingi za kuchafuka. Ndagala huanikwa mchangani kando ya ziwa, naye hujigaragaza papo hapo mpaka manyoya yanuke mafuta ya samaki. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki humjaza vumbi. Mvua zikirudi Oktoba, matope ya njiani humfika tumboni. Siku ukiamua kumwogesha, sokoni utakuta vipande vya sabuni ya mawese, pakiti za sabuni ya unga, shampuu za watu, na pengine chupa moja yenye picha ya mbwa, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma au iliyosafiri kutoka Lubumbashi. Muuzaji atakuambia: "Chukua hii, papa, ni ya asili kabisa, haina kemikali." Mwongozo huu nauandika kwa ajili yako unayesimama mbele ya meza hiyo.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kujua kwamba kitu kimetoka kwenye mti au kwenye maabara hakutoshi kukuambia kama kitamfaa mbwa. Jiulize mambo matatu: ngozi yake ikoje, maji nitakayotumia ni yapi, na ninataka kuondoa nini, uchafu au wadudu? Ukiyajibu hayo kwa makini, mara nyingi utajikuta unanunua kitu cha upole kuliko ulichokusudia, unatumia povu kidogo na maji mengi, na unamwogesha mara chache.

Ngozi nyembamba chini ya manyoya

Ukimwona mbwa amesimama na manyoya yake, utadhani amevaa ngozi ngumu. Kinyume chake ndicho kweli. Tabaka la juu la ngozi yake lina safu 3 hadi 5 tu za seli, wakati la mtu lina safu 10 hadi 15. Hali yake ya asidi nayo ni tofauti. Kwenye kipimo cha pH, 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni besi. Ngozi ya mtu mzima huwa karibu na 5.5. Ya mbwa huwa karibu zaidi na katikati, mara nyingi kati ya 6 na 7.5, kutegemea mbwa mwenyewe na sehemu ya mwili. Sabuni ya kipande, hata iwe imepikwa kwa mafuta safi namna gani, iko kwenye 9 au 10. Haiwezi kushuka sana hapo, kwa sababu sabuni ni mafuta yaliyounganishwa na soda kostiki au na maji ya majivu, na ukiipunguzia besi yake inarudi kuwa mafuta, povu linakufa.

Basi mbwa anaposuguliwa kwa sabuni hiyo kila Jumamosi, mafuta yanayolinda ngozi yake yanaondoka. Ngozi inakauka na kutoa magamba meupe. Mbwa anajikuna, kucha zinamchubua, vijidudu vinaingia kwenye michubuko. Mwenye mbwa akimwona anajikuna anasema bado ni mchafu, anamwogesha tena, safari hii kwa sabuni nyingi zaidi. Mbwa wengi wanaoitwa wagonjwa wa ngozi wameingia katika mzunguko huo, na hatua ya kwanza ya kuwatoa ni kuacha kuwaogesha kwa muda.

Kwa mbwa wetu wa kienyeji wenye nywele fupi, kuogeshwa mara moja katika wiki 4 hadi 8 kunatosha, isipokuwa siku amejipaka samaki au kinyesi. Tusisahau kwamba basenji, mbwa anayejulikana duniani kwa usafi wake, ametoka Kongo. Waliopelekwa Uingereza na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1895 walikufa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa wa distempa. Ilibidi kungoja miaka ya 1930, alipofaulu Olivia Burn kuwafuga huko, na mwaka 1937 wakaonyeshwa Crufts tena. Wazungu waliwastaajabia kwa sababu hawabweki kama mbwa wengine, tena hujilamba mwili mzima kama paka na hawana harufu kali. Mbwa wa namna hiyo hahitaji shampuu ya kila wiki. Anahitaji brashi na kitambaa chenye maji.

Mbwa wa ulinzi wa Kizungu, yule Malinois au mchungaji wa Kijerumani anayelala nyuma ya lango, ni jambo jingine. Manyoya yake yana tabaka mbili, la ndani ni laini kama pamba na huchelewa kukauka. Akiachwa na unyevu humo ndani kwa joto letu, ngozi inaweza kuwaka na kutoa majimaji kwa usiku mmoja. Kwake, kinachohitaji uangalifu mkubwa kuliko shampuu ni kumkausha.

Maji ya ziwa na kipande cha mawese

Hili ndilo jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwingine haiwezi kukuambia, maana waandishi wake hawaogi kwa maji yetu. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika ni ya besi, pH yake iko karibu na 9, na yana magnesi nyingi. Lukuga, unaotokea hapa hapa mjini, ndio mto pekee unaotoa maji ziwani. Sehemu kubwa ya maji mengine hupandishwa hewani na jua, na chumvi zake zinabaki chini. Kwa lugha ya shule, hayo ni maji magumu.

Sabuni ikikutana na magnesi, sehemu yake hugeuka utando wa kijivu unaonata, usioyeyuka. Umeuona mara nyingi ukizunguka ukingo wa beseni baada ya kufua. Kwenye nguo unaweza kuutoa kwa kusugua na kupiga. Kwenye mbwa unabaki umeshika nywele hadi kwenye shina, unakamata vumbi, unawasha, na baada ya siku mbili mbwa ananuka kuliko alivyokuwa. Ndiyo maana sabuni ya mawese wanayopika akina mama wa mitaani kwetu, ambayo naiheshimu kwa kufulia na kwa kuogea mtu, sishauri uifanye shampuu ya mbwa. Ni ya asili kuliko chupa yoyote iliyopo sokoni, na bado kwa ngozi hii na kwa maji haya haifai.

Shampuu halisi haina sabuni ndani yake. Ina visafishaji vya aina nyingine ambavyo havifanyi utando kwenye maji magumu na vinaweza kutengenezwa karibu na pH ya katikati. Watu huviogopa kwa kuwa majina yake ni marefu, lakini vingi vyao huanzia kwenye mafuta ya nazi au ya kokwa za chikichi, mti ule ule unaotupa mawese. Anayekataa shampuu ya kiwandani akachukua kipande cha mawese kwa sababu "kimetoka kwenye mti" hajaukimbia mti wowote. Amebadilisha tu njia ya kuyapika mafuta.

Ikiwa huna ila sabuni, fanya hivi. Msimu wa mvua, kinga maji ya bati baada ya mvua ya kwanza kulisafisha, uyatunze kwenye bidoni. Maji ya mvua ni laini, hayana magnesi, na sabuni huondoka vizuri. Kiangazi, ukilazimika kutumia maji ya ziwa, malizia kwa maji yenye siki, kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja, yamwagie mgongoni, yaache dakika moja kisha suuza. Siki huuvunja ule utando. Usiyatumie penye kidonda, wala karibu na macho. Wala usibadilishe siki kwa limau: mafuta ya ganda lake humdhuru mbwa, na ngozi yenye maji ya limau ikipigwa na jua huungua.

Sabuni yenyewe iwe imekomaa. Kipande kilichotengenezwa bila kupikwa motoni kinahitaji wiki 4 hadi 6 za kukauka ili soda imalize kazi yake. Kikikuchoma viganja, kitamchoma mbwa tumbo.

Jambo moja zaidi kuhusu ziwa: usimpeleke mbwa kuogea humo. Mamba wa Tanganyika na wa mdomo wa Lukuga hawahitaji kuelezwa kwa mtu wa Kalemie, na mbwa anayepigapiga maji ukingoni ni windo rahisi. Wewe mwenyewe ukisimama kwenye maji yaliyotulia penye majani unajiweka kwenye hatari ya kichocho. Na mji wetu umeteswa na kipindupindu kwa miaka mingi mno kiasi kwamba maji yoyote yaliyotekwa ziwani, hata ya kuogeshea mnyama, hayafai kurukia kwenye sufuria au kwenye kikombe cha mtoto. Ogesha uani, mbali na vyombo, kisha nawa mikono. Beseni la mbwa liwe la mbwa peke yake. Jirani yako Mwislamu atakuelewa upesi, na daktari pia.

Mimea inayosafisha na mimea inayoua

Tuna mimea mingi inayotoa povu au kufukuza wadudu, na watu wetu waliijua kabla ya chupa kuja. Baadhi ya mimea hiyo ni sumu kali, na kwa kuwa inachumwa bure, hakuna karatasi ya kukuonya.

Utupa ni mfano wa karibu. Wavuvi wa zamani waliutwanga na kuutia kwenye vijito, samaki wakaelea. Wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati huutumia pia dhidi ya kupe, na kweli kupe hufa, kwa sababu majani yake yana rotenoni. Sumu hiyo hiyo ikilambwa na mbwa humtapisha na kumdhoofisha pumzi, na mbwa hulamba kila kitu unachompaka. Maji ya suuza yakifika kijitoni yatafanya kazi ile ile waliyoitaka wavuvi. Usimwogeshe mbwa kwa utupa.

Tumbaku iliyolowekwa ni vivyo hivyo. Nikotini hupita kwenye ngozi, na mbwa mdogo anaweza kutetemeka na kufa.

Kuna mmea mwingine wenye historia nzuri inayotufaa hapa. Huko Ethiopia wanawake walifua kwa matunda ya mti unaoitwa endodi, ambao kwa jina la kisayansi ni Phytolacca dodecandra na unaota pia katika nyanda za juu za mashariki ya Kongo. Mwaka 1964 mwanasayansi Aklilu Lemma aligundua mjini Adwa kwamba penye wanawake wanaofua kwa endodi, konokono wa mtoni walikuwa wamekufa. Konokono hao ndio wanaobeba kichocho. Utafiti wake ulimpatia, pamoja na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes, tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989. Endodi ni sabuni ya mti kwa maana kamili: inatoa povu na inaondoa uchafu. Lakini kilichoua konokono huua samaki pia, unga wake unachoma macho na pua, na ukimezwa ni sumu. Kwa nguo, sawa. Kwa mnyama anayejilamba, hapana.

Mwarobaini nauruhusu kwa kipimo. Shampuu yenye mafuta kidogo ya mbegu zake hufukuza wadudu, na mbwa mzima huivumilia. Mafuta matupu yasipakwe, na watoto wa mbwa pamoja na majike wenye mimba waachwe kando. Mshubiri nao hutuliza ngozi iliyowaka, ukitumia ule ute wa ndani ulio wazi. Maji ya njano yanayotoka kati ya ganda na ute yaoshwe kwanza, kwa sababu mbwa akiyalamba ataharisha.

Mafuta ya mti wa chai wa Australia, yanayoandikwa kwenye chupa "tea tree" au Melaleuca alternifolia, nataka uyaogope hasa. Yanauzwa kama mfano bora wa dawa ya asili. Mwaka 2014 madaktari wa mifugo wa Marekani walichapisha taarifa ya mbwa na paka 443 waliodhurika kwa mafuta hayo yasiyochanganywa, katika miaka ya 2002 hadi 2012: walitoa mate mengi, wakalegea miguu ya nyuma, wakatetemeka, na matone machache yalitosha. Shampuu iliyoyatia kwa kiasi kidogo si hatari ya namna hiyo, lakini chupa ndogo ya mafuta yenyewe isikaribie mbwa.

Na yale ambayo si mimea, ila bado yanamwagiwa mbwa wenye upele: mafuta ya taa, mafuta machafu ya injini, maji ya javeli. Yanachoma ngozi, yanalambwa, yanaingia mapafuni. Hakuna upele unaostahili adhabu hiyo.

Kuisoma chupa

Kwanza ujue kwamba neno "asili" mbele ya chupa halina mlinzi. Hata Marekani, ambako bidhaa nyingi hizi zinatengenezwa, serikali haijaweka maana ya kisheria ya neno hilo kwa vipodozi, na shampuu ya mnyama isiyodai kutibu wala kuua wadudu haikaguliwi na mamlaka yao ya dawa. Igeuze chupa, usome nyuma.

Ukiona Sodium Palmate au Sodium Palm Kernelate, hiyo ni sabuni ya mawese au ya kokwa, hata ikiwa ni ya maji na ina picha ya mbwa. Rudisha. Ukiona Sodium Lauryl Sulfate likiwa karibu na mwanzo wa orodha, ni kisafishaji kikali. Sodium Laureth Sulfate ni cha upole kidogo. Majina yanayoanza na Coca au Coco, kama Cocamidopropyl Betaine au Coco-Glucoside, ni ya upole zaidi. Orodha hupangwa kwa wingi, kwa hiyo mmea uliochorwa mbele kwa rangi nyingi ukitajwa mwishoni kabisa maana yake wametia kidogo sana. Neno parfum liwe mwishoni au lisiwepo kabisa. Pua ya mbwa si yako, harufu ya waridi unayoipenda wewe inamsumbua siku nzima, na manukato ni miongoni mwa vitu vinavyowasha ngozi mara nyingi.

Sasa jambo ambalo wauzaji wa bidhaa za asili hujivunia, nami naliona kuwa hatari kwa hali ya hewa yetu: "bila vihifadhi". Shampuu ni maji na chakula cha bakteria. Bila kihifadhi, kwa joto la Kalemie na baada ya miezi ya safari ya meli na lori, ndani yake huweza kuota vijidudu vinavyoitwa pseudomonasi. Vinasuguliwa hadi kwenye mizizi ya nywele, na baada ya siku moja au mbili mbwa anapata homa na majipu yenye maumivu makali mgongoni. Madaktari wa mifugo wanaufahamu ugonjwa huu, na mara nyingi chanzo chake ni shampuu iliyochanganywa na maji ikaachwa kwenye chupa. Kwa hiyo napendelea chupa yenye kihifadhi na tarehe ya mwisho inayosomeka. Usinunue iliyokaa juani, wala ile inayopimwa kwa kikombe kutoka kwenye bidoni kubwa.

Ikiwa ya mbwa haipatikani au bei yake haishikiki, shampuu ya mtoto mchanga isiyo na harufu kali inatosha kwa mbwa mwenye ngozi nzima, ikitumiwa mara mojamoja. Najua si ya asili na haina picha ya mbwa. Kati yake na kipande cha sabuni, nitaichagua hiyo kila siku. Shampuu ya mtu mzima ya kuondoa mba, sabuni ya unga na sabuni ya vyombo ziache.

Mbwa anayejikuna bila kidonda unaweza kumtuliza kwa oti, zile za kopo zinazopikwa uji. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani iliukubali unga laini wa oti kama kinga ya ngozi ya watu, na kwa mbwa hufanya kazi hiyo hiyo. Chagua zisizo na sukari wala ladha. Saga mpaka kijiko kimoja kikitiwa kwenye glasi ya maji kiyageuze meupe kama maziwa. Mmwagie mbwa aliyekwisha oshwa, subiri dakika 10, suuza kwa maji baridi kidogo. Tengeneza ya siku ile tu.

Chupa mpya uijaribu kwanza. Tia tone kwenye ngozi ya ndani ya paja, pasipo nywele, osha baada ya dakika 5, utazame kesho yake. Pakiwa pekundu, mpe jirani chupa aoshee baiskeli.

Siku ya kuogesha

Chagua saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limepata nguvu na upepo haujawa mkali. Mtoto wa mbwa wa chini ya wiki 8 asiogeshwe. Mfute kwa kitambaa cha vuguvugu na umkaushe mara moja. Mbwa mzima mpige brashi kwanza, kwa sababu nywele zilizokufa zikilowa hufungamana.

Mfunge kwa kamba fupi, na awepo mtu anayemjua wa kumshika kichwa. Mbwa mwenye hofu anaweza kumuuma hata mama mwenye nyumba. Mbwa wako awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo anavyokupangia. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hapo ndipo kipande cha sabuni ya mawese kinapopata kazi yake halisi: osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 bila kupunguza, kwa sababu sabuni huvunja ganda la mafuta linalofunika virusi vya kichaa, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Lowesha mwili mpaka ngozini, maji yakiwa ya vuguvugu. Changanya shampuu na maji, sehemu moja kwa sehemu 5 hadi 10, kwenye chupa safi, kiasi cha siku hiyo tu, na kitakachobaki kimwage. Anza na shingo: zungusha povu pande zote kama ukanda, ili viroboto wanaokimbia maji wasipande masikioni na machoni. Kisha mgongo, tumbo, makwapa, miguu, na kati ya vidole. Sugua kufuata nywele. Kichwa usikimwagie, kifute kwa kitambaa. Maji yasiingie masikioni.

Shampuu ya kawaida huhitaji dakika chache. Yenye dawa, kwa mfano ya klorheksidini kwa ajili ya bakteria na fangasi, inahitaji dakika 10 kamili juu ya ngozi, na wengi huisuuza mapema halafu wanasema haifanyi kazi. Suuza mpaka maji yatoke safi na nywele zilie chini ya vidole, halafu suuza mara nyingine. Ikiwa maji ni haba, punguza shampuu, usipunguze suuza. Kausha kwa taulo, mwache kwenye mkeka au saruji safi mpaka akauke, la sivyo atakwenda moja kwa moja kwenye ndagala.

Maji machafu yamwage kwenye udongo, mbali na kisima na mbali na mfereji unaoshuka ziwani. Samaki wengi wa Tanganyika hawapatikani popote pengine duniani, na ziwa lenye mlango mmoja tu wa kutokea hukaa na kile tunacholitilia. Hili lizingatiwe zaidi ukitumia shampuu ya pareto. Pareto ni ua linalolimwa Kenya, kusini mwa Tanzania na chini ya milima ya volkano ya Rwanda, na dawa yake ni ya asili na nzuri kwa mbwa ikifuatwa kama ilivyoandikwa, lakini huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Ndugu yake wa maabara, permethrini, mbwa humvumilia, paka hufa. Ukiwa na paka wa kuwinda panya, usilete permethrini nyumbani.

Pale shampuu inapofika mwisho

Shampuu ya viroboto huua walio mwilini siku ile, basi. Viroboto wazima unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo, kama 5 kwa kila 100. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifukofuko vilivyomo kwenye mchanga, mikeka na nyufa za sakafu. Fagia kila siku mahali anapolala na uchome taka. Kupe uwatoe kwa kibanio, ukishika karibu na ngozi na kuvuta taratibu. Usiwapasue kwa vidole, kwa sababu kupe wa mbwa hubeba magonjwa ya damu. Mbwa mwenye kupe ambaye ufizi wake umepauka, hali chakula na ana homa, asiogeshwe. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Wengi wa madaktari hao wamesoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wanajua magonjwa ya kwetu.

Vivyo hivyo kwa upele unaoanzia kwenye ncha za masikio na viwiko, unaowasha usiku na mchana: huo unaweza kuwahamia watoto wanaolala na mbwa, na unahitaji dawa ya kumeza au ya sindano. Tazama pia kati ya vidole na kwenye nyayo kwa ajili ya funza. Watoeni kwa sindano safi, mbwa na watoto wa nyumba kwa siku moja, la sivyo wataambukizana tena.

Uvimbe wenye tundu dogo katikati, unaoonekana kutikisika, ni buu wa yule nzi anayetaga mchangani na kwenye nguo mbichi. Paka vaselini nene juu ya tundu ili akose hewa, subiri atokeze mkia, kisha minya taratibu kutoka pande mbili atoke mzima, maana akikatikia ndani kidonda kitaoza. Matambara ya kulalia mbwa yafuliwe siku ile ile unayomwogesha, yaanikwe juani kwenye kamba, si chini wala kivulini, na yapigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono.